Gari la Kifahari Lenye Umri: Majibu kwa Wasomaji wa Lubumbashi na Miji Jirani

Barua zilizofika kwenye safu hii kwa ajili ya toleo hili zinafanana sana, kwa hiyo tumeamua kuziweka pamoja. Walioziandika ni wakazi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao wamenunua magari yaliyokuwa ya wakurugenzi na mabalozi wakati yalipokuwa mapya, wakayapata kwa bei ya gari dogo la kawaida, kisha wakakuta kwamba iliyoshuka ni bei ya kununulia peke yake. Vipuri bado vina bei ya gari la kifahari. Ndiyo maana majibu yangu mengi yatasisitiza kupima kabla ya kununua kipuri chochote. Kwenye Corolla ya zamani fundi anaweza kubahatisha mara kadhaa na mwenye gari bado akapata pesa ya chakula cha jioni; kwenye Mercedes au BMW, bahatisho moja linaweza kumeza mshahara wa mwezi.

Injini huzimika ikishapata joto

*Papa Fundi, nina Mercedes E 240 ya mwaka 1999 iliyotoka Ubelgiji. Asubuhi huwaka bila shida, lakini nikishazunguka mjini kwa muda, hasa katika joto la mwezi wa Oktoba, injini huzimika ghafla. Demareri (stata) huizungusha vizuri, ila haiwaki. Nikisubiri karibu nusu saa, huwaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi wangu amekwisha kubadilisha pampu ya esansi (petroli) na bugi (plagi za cheche), na sasa ananishauri ninunue injini ya okazio (iliyotumika) kwa dola 1,200. Je, nikubali? Msomaji wa Kampemba.*

Usikubali, ndugu msomaji. Umezieleza dalili kwa usahihi kiasi kwamba nusu ya kazi ya upimaji umekwisha kuifanya mwenyewe. Injini inayokosa esansi kwa kawaida hulegea kwanza, hukohoa na kuvuta kwa kusitasita, ndipo izimike. Yako huzimika papo hapo, kisha hurudi ikipoa. Injini hiyo ni ya aina ya V6, yaani silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, ambayo Mercedes iliianzisha mwaka 1997 kwa jina la M112, na udhaifu wake unaojulikana kila mahali ni sensa ndogo inayosoma mzunguko wa krenkishafti, yaani ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Sensa hiyo imefungwa kwa skrubu moja nyuma ya injini, pale inapokutana na giaboksi, mahali penye joto kali. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba sana, ambayo ikizeeka hupoteza mawasiliano inapopata moto na kuyarudisha inapopoa. Kompyuta ya injini isipopata habari kutoka kwa sensa hiyo haijui pistoni ziko wapi, kwa hiyo haitoi cheche wala haipulizi esansi, hata kama pampu na bugi vimetoka dukani leo.

Usiniamini kwa maneno, pima. Siku gari litakapozimika tena, lisogeze pembeni ya barabara, unganisha skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, na utazame idadi ya mizunguko ya injini wakati demareri inafanya kazi. Ikisomeka sifuri ilhali unasikia injini ikizunguka, basi sensa imejihukumu yenyewe. Usishangae skana isipoonyesha kosa lolote lililohifadhiwa, kwa sababu kosa hili mara nyingi haliandikwi. Ndiyo maana ni lazima kutazama vipimo vinavyotembea, si orodha ya makosa tu. Asiye na skana anaweza kufunika sensa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika chache, kisha ajaribu kuwasha. Injini ikiwaka mara moja badala ya kukungojesha nusu saa, jibu umelipata. Fundi wako angeweza pia kupima shinikizo la esansi kwenye vali ndogo iliyopo juu ya bomba linalogawa esansi kwa silinda, kabla ya kukuuzia pampu, lakini kipimo hicho kifanywe injini ikiwa imepoa, kwa kuwa esansi ikirukia bomba la moshi lenye moto utapoteza zaidi ya gari.

Mshukiwa wa pili, endapo sensa itaonekana nzima, ni kisanduku cha relei kilicho ndani ya boksi la fyuzi upande wa injini. Lehemu zake hupasuka nyufa nyembamba kwa miaka ya joto na mtikisiko, na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuzilehemu upya kwa gharama ndogo sana. Fundi wa redio, narudia, si fundi wa kuchomelea mageti.

Ukinunua sensa, tafuta ya Bosch au ile yenye nembo ya Mercedes yenyewe, na uiagize kwa kutumia namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, ile inayoanza na WDB. Sensa za bei ya kutupa zinazofanana nayo kwa umbo huweza kufa msimu unaofuata, na dalili zikirudi utadhani ulikosea tangu mwanzo.

Kuhusu ile injini ya okazio, fikiri hivi: ama itakuja na sensa yake yenye umri uleule, ama fundi ataihamisha ya kwako na ugonjwa utahamia nyumba mpya. Wala asikushawishi kujaribu kompyuta ya gari jingine, kwa kuwa katika magari haya kompyuta ya injini imefungamanishwa na ufunguo, na ya kuazima haitawasha kitu. Jambo la mwisho: umesema bugi zilibadilishwa. Hesabu risiti yako. Injini hii ina silinda 6 lakini bugi 12, mbili kwa kila silinda, na zile zilizo nyuma karibu na ukuta wa kabini ni ngumu kufikiwa. Kama ulilipia bugi 6, zilizobaki ni zile zilizokuja na gari kutoka Ubelgiji.

Mafuta ya giaboksi "ya maisha yote"

*Mheshimiwa Fundi, gari langu ni Mercedes E 320 ya mwaka 2001, giaboksi otomatiki. Aliyeniuzia alisema mafuta ya giaboksi hii yaliwekwa kiwandani na hayabadilishwi kamwe. Majuzi, nikitoka Likasi kuja Lubumbashi, gari lilikataa kubadilisha gia. Nilipolizima na kuliwasha upya likawa sawa, halafu baada ya siku chache likarudia, na safari hii likabaki zito kama lori. Je, giaboksi imekufa? Msomaji wa Likasi.*

Huenda haijafa hata kidogo. Giaboksi hii yenye gia 5, ambayo Mercedes huiita 722.6, inaongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ikipokea habari zisizoeleweka hujilinda kwa kubaki kwenye gia moja, mara nyingi ya pili, ili dereva aweze kufika garaji polepole. Uzito uliousikia ni wa kuondoka na gia ya pili. Kuzima na kuwasha hufuta ile hali ya kujilinda, ndiyo maana gari lilikudanganya kwamba limepona.

Kabla hujamruhusu mtu yeyote kuishusha giaboksi, mwambie akague mahali pawili. Pa kwanza ni plagi ya umeme ya duara yenye pini 13, inayoingia ubavuni mwa giaboksi upande wa kulia. Mwili wake ni wa plastiki na unazibwa na vipira viwili vya duara ambavyo hukakamaa kwa umri, mafuta yakaanza kupenya. Pa pili ni kompyuta ya giaboksi yenyewe, iliyo ndani ya boksi jeusi nyuma ya injini, upande wa kulia pia. Mafuta yaliyopenya kwenye plagi hupanda ndani ya waya, taratibu, kwa mvuto uleule unaopandisha mafuta ya taa kwenye utambi, hadi yakafika kwenye kompyuta iliyo juu kabisa. Chomoa soketi ya kompyuta na uitazame: ikiwa imelowa mafuta mekundu au ya kahawia, ugonjwa ni huo. Husafishwa kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, hukaushwa, plagi ya pini 13 hubadilishwa kwa mpya, na mara nyingi kazi huishia hapo. Plagi hiyo ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye gari zima.

Pakiwa pakavu pote pawili, mshukiwa anayefuata ni sahani ya plastiki yenye nyaya na sensa za mwendo, iliyo ndani ya karteri (bakuli la mafuta la chini) ya giaboksi. Hiyo nayo hubadilishwa bila kuishusha giaboksi, ingawa inahitaji mkono msafi na mahali pasipo na vumbi. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye vijia vya mafuta ndani ya giaboksi, utajutia sana kuokoa pesa ya garaji iliyofungwa.

Sasa, hayo mafuta ya maisha yote. Ni kweli kwamba Mercedes ilianza kwa kusema hayabadilishwi, na ni kweli pia kwamba baadaye ilirudi nyuma na kuagiza yabadilishwe baada ya kilomita 60,000. Muuzaji wako alibaki na nusu ya kwanza ya habari. Gari la mwaka 2001 ambalo mafuta yake hayajawahi kubadilishwa linadai mafuta mapya na filta mpya. Tumia mafuta yaliyoandikwa kwamba yanakidhi kiwango cha Mercedes 236.14, si yale mekundu ya kawaida ambayo kila duka huyauza kwa kila gari. Ujue pia kwamba giaboksi hii haina kijiti cha kupimia. Ina bomba lililozibwa tu, na fundi huingiza kijiti chake maalumu, injini ikiwaka, gia ikiwa kwenye P, mafuta yakiwa yamefika nyuzijoto 80. Anayejaza kwa kukisia injini ikiwa baridi atazidisha au atapunguza, na yote mawili huiumiza.

Siwezi kukuahidi muujiza. Mafuta yakitoka meusi, yananuka kuungua, na chini ya karteri kuna vipande vya chuma vinavyong'aa, badala ya lile tope jembamba la kijivu kwenye sumaku ambalo ni la kawaida, hapo klachi za ndani zimekwisha na mafuta mapya hayatazirudisha.

BMW iliyotolewa themostati

*Papa Fundi, mimi ni mama wa watoto wanne na BMW 528i ya mwaka 1999 ndiyo inayotupeleka shuleni na kanisani. Ilianza kuchemka kwenye foleni. Fundi wa mtaani alitoa themostati akaitupa, akisema ni ya nchi za baridi na kwetu haina kazi. Sasa mshale wa joto hukaa chini asubuhi yote, gari linakunywa esansi kuliko zamani, na bado kwenye foleni ya mchana huchemka. Ninaongeza maji ya kisima kila Jumapili. Mama wa Katuba.*

Mama, hilo la themostati hulisikia kila mwenye gari wa Katanga, na halina ukweli. Themostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate joto, haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya, bali kwa ajili ya injini yenyewe, ambayo ilisanifiwa ifanye kazi katika joto fulani, si chini yake. Ikiondolewa, maji huzunguka wakati wote hata injini ikiwa baridi. Kompyuta huona baridi na kuendelea kupuliza esansi nyingi, mafuta ya injini hubaki na unyevu na kugeuka tope, na silinda huchakaa mapema. Ndilo ongezeko la esansi unalolilipia. Na kwa kuwa gari bado linachemka, umepata uthibitisho kwamba themostati haikuwa mkosaji, au haikuwa peke yake.

Tazama kwanza kifuniko cha tangi la maji. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Injini yako hufanya kazi karibu na hapo kila siku. Kinachozuia maji yasichemke ni shinikizo linalofungiwa na kifuniko, ambalo hupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 120. Kifuniko kilicholegea, au tangi la plastiki lenye ufa mwembamba usioonekana gari likiwa limepoa, huachia shinikizo hilo, na maji yakachemka kwenye joto ambalo injini nzima ingelivumilia bila taabu. Kwa hiyo mwombe fundi apige shinikizo kwa pampu ya mkono ya kupimia, asubuhi, injini ikiwa baridi, na aache kipimo kisimame kwa muda akitazama kama mshale unashuka.

BMW za umbo hili, zilizotengenezwa kati ya 1995 na 2003, zina mfumo wa kupoza uliojaa plastiki: tangi, shingo za radiatere, nyumba ya themostati, na katika pampu nyingi za maji hata lile gurudumu la ndani linalosukuma maji. Plastiki hiyo imepita robo karne. Gurudumu la pampu likipasuka, mhimili huendelea kuzunguka na kila kitu huonekana kizima kwa nje, lakini maji hayasukumwi, hasa injini ikiwa polepole kwenye foleni. Kwa gari la familia ambalo haliruhusiwi kukuachia njiani, ninashauri ununue pampu yenye gurudumu la chuma, themostati mpya, tangi na kifuniko chake, mipira ya maji, na mkanda, na vyote vifungwe siku moja. Ni gharama, sikatai, lakini ukibadilisha kimoja kimoja utalipia kumwaga maji na kutoa hewa mara tano.

Kutoa hewa ndiko mahali ambapo kazi nzuri huharibika. Gari liwe kwenye mwinuko mdogo upande wa mbele, ufunguo uwashwe bila injini kuwaka, kitufe cha joto la kabini kiwekwe juu kabisa ili vali za hita zifunguke, skrubu ya plastiki iliyo karibu na tangi ilegezwe, kisha maji yamiminwe polepole hadi yatoke pale kwenye skrubu bila mapovu. Skrubu hiyo huvunjika ikikazwa kwa hasira.

Maji ya kisima uyaache, Mama. Visima vingi vya upande huu hupata maji kutoka kwenye miamba ya chokaa, na birika lako la chai linakuonyesha kila wiki kinachotokea maji hayo yakichemshwa. Nusu iwe dawa ya radiatere inayokubaliwa na BMW, nusu iwe maji yaliyotoneshwa, kama yale ya bateri. Hatuogopi barafu huku. Tunachokitaka kwenye dawa ni kinga ya kutu na nyongeza ya kiwango cha kuchemka.

Onyo moja zaidi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ya gari hili ulisanifiwa usimsumbue dereva: hukaa katikati kwa upana mkubwa wa nyuzijoto, na ukianza kuvuka katikati tayari hali ni mbaya. Ukiona umesogea kulia, zima kiyoyozi, fungua hita, simama mahali salama, uzime injini. Usimalizie kilomita mbili za kufika nyumbani. Kulasi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya alumini, na ikipinda, gharama zote nilizotaja hapo juu zitaonekana ndogo.

Mercedes S inayolala chini usiku

*Bwana Fundi, S 320 yangu ya mwaka 2000 ikikaa usiku mzima huamka imelala upande wa mbele kushoto. Nikiiwasha huinuka baada ya dakika moja au mbili. Rafiki yangu ananishauri nitoe mfumo wa hewa na kuweka springi za kawaida. Msomaji wa mtaa wa Golf.*

Mzee, gari lako halina springi za chuma; limebebwa na mifuko ya mpira iliyojaa hewa, na mmoja unavuja. Kinachoniogopesha zaidi ya mfuko ni kompresa, yaani pampu ya hewa. Iliundwa ifanye kazi kwa muda mfupi tu, na kila asubuhi unailazimisha kujaza mfuko uliotoboka, kisha kuurudia njiani. Itaungua, na relei yake inaweza kuganda ikaiacha ikizunguka hata gari likiwa limezimwa, hadi bateri ikaisha. Kwa hiyo usiahirishe.

Pulizia maji ya sabuni juu ya mfuko wa mbele kushoto na kwenye kiunganishi cha bomba lake la hewa, gari likiwa limeinuka. Mapovu yakitoka kwenye kiunganishi, umepona kwa bei ndogo. Yakitoka kwenye mikunjo ya mpira, mfuko ubadilishwe pamoja na amortisere (shokabu) yake, kwa maana ni kitu kimoja. Weka umri kwenye hesabu yako pia: mfuko wa kulia umekula barabara zilezile. Ukibadilisha, weka na relei mpya. Ni kitu kidogo.

Springi za kawaida zinawezekana, na wapo wanaoziuza kama seti, lakini kompyuta itaendelea kuulizia mfumo uliouondoa na kuonyesha onyo, na gari litapoteza kile ulichokinunulia. Kama barabara yako ya kila siku ni ya mashimo matupu, ningeelewa uamuzi huo. Kwa anayetembea mjini na kwenda Kipushi mara moja moja, sioni sababu.

Halafu hili lisisahaulike na mtu yeyote atakayeligusa gari hilo: hakuna kuingia chini yake likiwa limesimama kwa hewa au kwa jeki peke yake. Liwekwe kwenye vigingi vya chuma. Mfuko ukiachia hewa, gari hushuka bila kutoa taarifa.

Lita ngapi?

*Kwa nini fundi wangu huweka lita 5 za mafuta ya injini kwenye E 320 yangu na wewe katika toleo lililopita uliandika 8? Msomaji wa Ruashi.*

Kwa sababu amezoea injini za silinda 4. Hii hubeba lita 8 pamoja na filta, na upungufu wa lita 3 huenda usionyeshe taa nyekundu siku ya kwanza. Huonyesha mafuta yanayochoka mapema na kelele ya tapeti asubuhi. Nunua mafuta mwenyewe, uwepo yanapomiminwa, na upime kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare. Galoni zifunguliwe mbele yako, maana kuna galoni zinazojazwa mara ya pili.

Ninunue ya mwaka 2004?

*Fundi, ninaishi Kolwezi. Kuna mtu anauza E 240 ya mwaka 2004, lile umbo jipya lenye taa nne za duara, imetoka Zambia, usukani uko kulia. Bei ni nzuri mno. Niangalie nini? Msomaji wa Kolwezi.*

Bei nzuri mno mara nyingi ina jina, na kwa gari hilo jina lake linaweza kuwa breki. Magari ya umbo hilo yaliyotengenezwa tangu 2002 hadi katikati ya 2006 yana breki zinazosukumwa na umeme. Unapokanyaga pedali, hausukumi mafuta ya breki moja kwa moja. Unaiambia kompyuta, nayo huamuru pampu na akiba yake ya shinikizo kusukuma. Kifaa hicho huhesabu mara ngapi breki zimetumika, na hesabu ikifika kikomo huwasha onyo kwenye dashibodi. Kikizima kabisa, breki hubaki kwenye magurudumu ya mbele tu, na mguu lazima usukume kwa nguvu kubwa na kwa urefu ambao dereva hakuuzoea. Hutaki kujifunza hilo kwenye mteremko, nyuma ya lori la shaba.

Sisemi usinunue. Ninasema usikilipe chochote kabla ya skana inayolielewa gari hilo kusoma kifaa cha breki, na kabla hujawasha ufunguo mwenyewe na kuona kwamba hakuna onyo jekundu linalobaki. Muulize muuzaji kama kifaa kimewahi kubadilishwa, na aonyeshe karatasi. Ukishalinunua, fundi atakayebadilisha pedi lazima kwanza auzime mfumo huo kwa skana, kwa sababu hata kufungua mlango kunaweza kuifanya pampu ijiandae na kusukuma pistoni za breki, vidole vikiwa katikati. Kuanzia nusu ya pili ya 2006 Mercedes iliachana na mfumo huo kwenye umbo hilo na kurudi kwenye breki za kawaida, kwa hiyo ukiweza kungoja gari la mwaka 2007, ngoja.

Chunguza pia mafuta ya giaboksi. Katika baadhi ya magari ya miaka ya mwanzo ya umbo hilo, radiatere ilipasuka kwa ndani na maji yake kuingia kwenye giaboksi. Mafuta yakionekana kama maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi, ondoka bila kujadili bei.

Usukani wa kulia si kasoro ya gari, bali ni mzigo kwako. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, na ukiwa nyuma ya malori ya kwenda Kasumbalesa hutaona mbele bila abiria wa kukusaidia. Na siku utakapotafuta sanduku la usukani au sehemu za breki za chini ya dashibodi, vya magari yaliyotoka Ubelgiji havitaingia.

Tairi za okazio

*Tairi zilizotumika kutoka Ulaya zina kashata (meno ya tairi) nzuri kuliko mpya za bei rahisi. Je, ni salama kwa gari zito? Msomaji wa Kamalondo.*

Soma ubavuni. Baada ya herufi DOT, mwisho kabisa, utakuta tarakimu nne ndani ya umbo la yai: 3512 ina maana ya wiki ya 35 ya mwaka 2012. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo, na tairi yenye kashata nene lakini umri wa zaidi ya miaka 10 hupasuka kwa joto kwenye lami ndefu ya kwenda Likasi, hasa chini ya gari lenye uzito wa karibu tani 2. Pinda mpira kwa dole gumba kati ya kashata. Ukiona nyufa nyembamba, mrudishie mwenye duka. Kama ubavu una tarakimu upande mmoja zisizokamilika, geuza tairi, kwa kuwa tarehe kamili huandikwa upande mmoja tu, na wauzaji wanaujua upande wa kuuegemeza ukutani.